Chumba Kimoja, Watu Wangapi?

Mtu aendaye Kitengela kutafuta chumba cha kupanga huulizwa mambo mawili kabla ya kukabidhiwa ufunguo: anafanya kazi gani, na watakaokaa humo ni wangapi. La kwanza hujibiwa bila wasiwasi. La pili ndilo huleta taabu. Mtu husema kwamba ni yeye na mkewe na mtoto mmoja, naye siku hiyo asema kweli. Lakini kabla ya miezi sita kupita, shemeji yake amekuja kutafuta kazi katika viwanda vya EPZ, na mtoto wa dada yake ameletwa kutoka nyumbani ili asome karibu na mji. Sasa ni watano. Hapo ndipo msimamizi wa ploti hubisha hodi na kutangaza kwamba sheria hairuhusu watu watano katika chumba kimoja.

Je, ni sheria gani hiyo? Wengi huitaja, na wachache sana ndio walioiona. Wako wasemao kwamba Serikali imeweka watu wawili, na wengine husema wanne, na mpangaji asiye na karatasi yoyote ya kusoma hutikisa kichwa na kuanza kufikiri ni nani kati ya jamaa zake atakayefukuzwa.

Kwanza yafaa ifahamike kwamba sharti la mwenye nyumba ni jambo moja, na sheria ya nchi ni jambo jingine. Mpangaji aliyetia sahihi mkataba unaosema watu watatu amefungwa na neno lake, na mwenye nyumba ana haki ya kumdai alitimize. Tena mwenye nyumba aweza kuwa na sababu njema. Choo kilichochimbwa kwa ajili ya vyumba kumi vyenye watu ishirini hakiwezi kustahimili watu sitini, na maji ya kununua kwa boza hayatoshi kila mtu akiongeza wageni. Lakini mapatano ya watu wawili si amri ya dola. Mtu hatiwi gerezani kwa kuwa shemeji yake amelala kwenye mkeka.

Sheria ya nchi inayogusa jambo hili ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ambayo asili yake ni ya mwaka 1921, wakati wa ukoloni, nayo imerekebishwa mara nyingi bila kufutwa. Kifungu chake cha 118 hutaja mambo yanayohesabiwa kuwa udhia, yaani yenye kuwadhuru watu afya zao. Miongoni mwa hayo ni nyumba iliyosongamana watu hata ikawa hatari kwa wakaao ndani yake, na pia nyumba isiyo na nuru wala hewa ya kutosha. Msomaji akikitafuta humo kiasi chenyewe hatakiona. Kifungu hakisemi wawili, wala watano, wala kumi. Kinasema tu kwamba msongamano ukidhuru afya ni udhia, kisha humwachia afisa wa afya, yule ambaye watu tangu zamani humwita Bwana Afya, apime kwa macho yake na elimu yake, na mahakama iamue iwapo atapingwa.

Sheria ndogo za ujenzi za mwaka 1968, ambazo halmashauri zilizifuata kwa miaka mingi, ziliweka tarakimu, lakini tarakimu ya namna nyingine. Zilisema kwamba chumba cha kukaa watu kisipungue meta 7 za mraba, ambazo ni kama futi 75 za mraba. Hapo napo kilichopimwa ni chumba, si watu. Chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho kila mpangaji wa Kitengela anakifahamu, kina futi 100 za mraba. Kwa kipimo hicho hakina kasoro, hata kama ndani yake wamo watu wanane.

Basi idadi hii inayotajwa mitaani ilitoka wapi? Waingereza walioleta sheria ya 1921 hawakuweka hesabu hapa, bali kwao waliiweka miaka kumi na minne baadaye, katika Sheria ya Nyumba ya 1935. Hesabu ile ingali ikitumika, maana iliingizwa katika Sheria ya Nyumba ya 1985. Nayo ni hesabu ya ajabu kidogo kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja hahesabiwi kabisa. Aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka kumi huhesabiwa nusu mtu. Chumba cha futi 110 za mraba au zaidi ni cha watu wawili. Kilicho kati ya futi 90 na 110 ni cha mtu mmoja na nusu. Kati ya 70 na 90 ni cha mtu mmoja. Kati ya 50 na 70 ni cha nusu mtu, yaani mtoto mdogo. Na kilicho chini ya futi 50 hakihesabiwi kuwa mahali pa kulala.

Hebu kipimo hiki kichukuliwe hadi Kitengela. Chumba cha futi 100 kingeruhusiwa mtu mmoja na nusu. Mume na mke wake, hata kabla ya kujaliwa mtoto, wangekuwa wamevunja sheria. Wakimpata mtoto akafika miaka miwili, watakuwa wawili na nusu, na yule shemeji akija wanakuwa watatu na nusu. Kama sheria hiyo ingetumika Noonkopir usiku wa leo, sehemu kubwa ya mji ingelala nje.

Lakini yako mambo mawili katika sheria ile ya Kiingereza ambayo wapendao kutaja idadi huyasahau. La kwanza ni kwamba ilisamehe ukuaji wa watoto. Nyumba ikizidi hesabu kwa sababu mtoto ametimiza mwaka mmoja au miaka kumi, mpangaji hana kosa, mradi amepeleka ombi kwa halmashauri ya mji apewe nyumba nyingine inayofaa. La pili ni kwamba sheria hiyo ilikuja pamoja na fedha. Serikali ya huko ilizisaidia halmashauri kwa ruzuku ili zijenge nyumba za kuwahamishia watu waliosongamana. Mwenye kuhesabu vichwa ndiye aliyetakiwa pia kutafuta mahali pa kuviweka.

Katika Kenya ya miaka hiyo hiyo mambo yalikwenda kinyume. Nairobi ilihesabu Waafrika kwa vitanda. Katika mitaa ya Waafrika mtu hakupangishwa nyumba, bali nafasi ya kitanda, na chumba kimoja kiligawanywa baina ya wanaume waliokuja kazini na kuacha wake zao mashambani. Mke akija kumtazama mumewe alikuwa mgeni, na mgeni alihitaji ruhusa. Wazee waliofanya kazi mjini wakati huo waliijua misako ya usiku, askari wakigonga milango na kumulika kurunzi kuhesabu waliolala. Hata hivyo vyumba havikupungua watu hata kidogo. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilieleza sababu kwa wazi: mshahara wa chini ulikuwa umehesabiwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala mtoto. Mtu alilipwa kama mseja, akapewa kitanda kama mseja, kisha akashtakiwa kwa sababu ana jamaa.

Kitengela haikuwamo katika habari hizo, kwa kuwa wakati ule ilikuwa nyika ya malisho, na ng'ombe wa Wamaasai walichunga pamoja na nyumbu na pundamilia waliotoka upande wa Nairobi. Katika boma la Kimaasai swali la watu wangapi lina jibu lake la zamani. Kila mke hujenga nyumba yake mwenyewe kwa fito na samadi. Watu wakizidi, hujengwa nyumba nyingine, kwa kuwa ardhi ilikuwapo na vifaa havikununuliwa. Mgeni wa rika la mwenye nyumba hakuachwa alale nje. Si kwamba nyumba zile zilikuwa kubwa. Zilikuwa ndogo tena zenye moshi, na ndama walilala humo pia. Lakini ukuta haukuwa na kodi.

Mambo yaligeuka kwa upesi. Sheria ya mwaka 1968 iliwapa Wamaasai wa Kajiado ardhi kwa pamoja katika ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake, na mwenye hati aweza kuuza. Mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, na viwanda vikafunguliwa Athi River, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Maelfu ya vijana, wengi wao wasichana wa kushona nguo, wakahitaji mahali pa kulala penye kodi nafuu kuliko Nairobi. Shamba likawa ploti za futi 50 kwa 100, na ploti ikawa safu mbili za vyumba zinazotazamana. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipata watu 687,312 katika Kajiado nzima. Ile ya mwaka 2019 ilipata 1,117,840, na mji wa Kitengela peke yake watu 154,436. Wastani wa watu katika kaya moja ya Kajiado ulikuwa 3.5. Wastani huo si mkubwa, bali ni mdogo kuliko ule wa nchi nzima, ambao ulikuwa 3.9. Kwa hiyo asemaye kwamba watu wa Kitengela wanasongamana kwa sababu wanazaa sana hajatazama tarakimu. Jamaa ni ndogo. Chumba ndicho kidogo zaidi.

Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, Nairobi, limetumia kipimo cha watu watatu katika chumba kimoja. Wakizidi hapo, nyumba huhesabiwa kuwa imesongamana. Hicho ni kipimo cha wachunguzi, wala hakuna mpangaji awezaye kushtakiwa kwacho. Lakini huenda ndicho kilichozaa maneno ya mitaani kwamba mwisho ni watatu.

Isidhaniwe kwamba hatari ya msongamano ni hadithi ya wenye nyumba. Kifua kikuu husambaa kwa hewa. Mtu mmoja akikohoa usiku kucha katika chumba chenye dirisha moja lililofungwa kwa kuogopa baridi na wezi, wenzake wanne huivuta hewa ile ile hadi asubuhi. Kenya imo katika orodha ya nchi 30 zilizotajwa na Shirika la Afya Duniani kuwa na mzigo mkubwa wa ugonjwa huo kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Jiko la makaa likiingizwa ndani ili kupasha chumba joto hutoa sumu isiyo na harufu, na chumba kikiwa kidogo sumu hujaa mapema. Jamaa nzima yaweza kulala isiamke. Na moto ukizuka, mlango ni mmoja. Tena mwaka 2020, Serikali ilipofunga njia za kuingia na kutoka katika eneo la Nairobi kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai, Kitengela ilikuwa ndani ya mpaka huo. Watu waliambiwa wakae mbalimbali kwa sababu ya korona. Watano walio katika futi 100 wangekaaje mbalimbali? Amri ilitungwa na mtu mwenye sebule.

Kwa hiyo Bwana Afya ana kazi ya haki, na si adui wa mpangaji. Swali ni ahesabu nini. Akihesabu watu, atamfikia mtoto wa dada, kwa kuwa ndiye aliyeingia mwisho na ndiye asiye na jina katika mkataba. Mtoto huyo akirudishwa, shule yake imekwisha, na chumba kimebaki vile vile: dirisha moja, choo kimoja kwa safu nzima, mabati yasiyo na dari.

Jambo la namna hii lilifika katika mahakama kubwa mbali na hapa, nalo lafaa kusimuliwa. Katika mji wa East Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, nyanya mmoja aitwaye Inez Moore aliishi katika nyumba yake na mwanawe na wajukuu wawili. Wajukuu hao walikuwa watoto wa wanawe wawili tofauti. Mmoja, John, aliletwa kwa nyanya yake akiwa mtoto mchanga baada ya kufiwa na mama yake. Sheria ya mji ilisema kwamba nyumba ni ya jamaa moja, na ikaeleza maana ya jamaa kwa namna ambayo binamu wawili hawakuweza kukaa pamoja chini ya nyanya yao. Mwaka 1973 mama huyo aliandikiwa kwamba John anakaa kinyume cha sheria na aondolewe. Alikataa. Alihukumiwa kifungo cha siku tano na faini ya dola 25. Mwaka 1977 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilitangua hukumu hiyo, majaji watano dhidi ya wanne, ikisema kwamba mji hauwezi kuingia kati ya nyanya na wajukuu wake kwa njia hiyo, na kwamba sheria yenyewe ilisaidia kidogo sana kuzuia msongamano.

Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1974, ilikuwa imekubali sheria ya kijiji cha Belle Terre, jimbo la New York, iliyokataza watu zaidi ya wawili wasio na udugu kupanga nyumba moja, na wanafunzi sita wakashindwa. Basi huko udugu ulimwokoa nyanya, wala haukuwasaidia wanafunzi. Ingekuwa vigumu kuileta hukumu hiyo Kitengela. Wasichana watatu wa kiwandani waliotoka lokesheni moja na wanaochangia kodi huitana dada, na mwenye ploti akiuliza wataapa kwamba ni dada, wala hawatakuwa wameongopa kwa lugha ya kwao.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na inayofikika, pamoja na usafi wa kiasi cha kuridhisha. Nayo imeweka mipango ya ujenzi, nyumba na afya ya wenyeji mikononi mwa kaunti, ambazo zilianza kazi mwaka 2013. Kwa hiyo Bwana Afya wa Kitengela na mkuu wa upimaji anayepitisha ramani ya ploti ni watumishi wa ofisi moja kubwa. Mmoja akipitisha ramani ya vyumba ishirini na vyoo viwili, mwenzake hawezi kushangaa miaka mitatu baadaye akikuta foleni ya watu alfajiri.

Mpangaji anayepewa habari kwamba atashtakiwa kwa msongamano na ajue utaratibu. Mlinzi hana mamlaka, wala msimamizi hana. Sheria ya Afya ya Umma yataka ilani rasmi itolewe kwanza, ikieleza udhia ni upi na muda wa kuuondoa ni siku ngapi. Ni mpaka ilani ipuuzwe ndipo shauri hupelekwa mahakamani, na hakimu ndiye awezaye kutoa amri, hata ya kufunga nyumba isikaliwe mpaka itengenezwe. Tena, na hapa ndipo wapangaji wengi hawajui, udhia ukiwa umetokana na kasoro ya jengo lenyewe, ilani sharti apelekewe mwenye nyumba, si mpangaji. Chumba kisicho na hewa ni kasoro ya jengo. Dirisha dogo ni kasoro ya jengo. Kwa hiyo karatasi ikiletwa mlangoni, kwanza isomwe jina lililoandikwa juu yake, kisha isomwe ni kasoro gani iliyotajwa. Kama yanayotajwa ni madirisha na vyoo, hiyo si karatasi ya mwenye mkeka.

Kodi nayo ina baraza lake. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, husaidia wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekuwa cha zamani sana, na vyumba vingi vya mjini vimekipita, lakini aliye chini yake asifukuzwe kwa maneno ya mlangoni tu. Baraza la kodi lipo kwa ajili yake.

Na wapangaji wa ploti moja wakitaka kujua kama nyumba yao ilijengwa kama ilivyopitishwa, vyumba vingapi na vyoo vingapi, wanaweza kuiuliza kaunti kwa barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa ofisi za umma, nayo ofisi hutakiwa kutoa uamuzi wake katika muda usiozidi siku 21. Barua itaje nambari ya ploti, jina la mtaa na tarehe, na nakala yake ibaki na mwandishi.